Fundi Ajibu: Pagola ya Kiamunyi haiwezi kusimama Minnesota

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kiamunyi. Ile pagola (kibanda cha nguzo kisicho na kuta) uliyonijengea nyuma ya nyumba mwaka wa 2016 bado imesimama wima, na ndipo ninapokunywa chai kila jioni. Kijana wangu yuko Minnesota, Marekani. Mwaka jana yeye na mkewe walinunua nyumba yenye ua mkubwa karibu na Minneapolis. Alipokuja likizo Desemba aliipiga picha pagola yangu kila upande, akapima nguzo kwa tepu, akasema atajenga kama hiyo hiyo: nguzo nne, futi 12 kwa 12, bati mwanga juu, na upande mmoja umeshikana na ukuta wa nyumba. Lakini mwenyewe ananiambia huko theluji hufika magotini na upepo hauna simile. Je, vipimo vyako vitafaa? Nauliza kwa sababu ana watoto wawili wadogo, na hao ndio watakaocheza chini yake. – Mwalimu mstaafu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, mwambie kijana asinunue hata msumari mmoja kwanza. Pagola yako niliijenga kwa udongo wa Kiamunyi na mvua ya Kiamunyi. Akiihamisha jinsi ilivyo hadi Minnesota, mimi sitapata usingizi siku theluji ya kwanza itakapoanguka.

Yeye alipima yaliyo juu, na mambo yako chini. Kila nguzo yako ina shimo la futi mbili. Futi ya kwanza ilikuwa ule udongo wetu wa majivu ya volkano, mwepesi, ambao jembe linazama kama kwenye unga. Nilipoupita nikakuta udongo mgumu wenye changarawe, nikamwaga zege hapo, basi. Futi mbili zilitosha kwa sababu udongo wa kwako, ukishashindiliwa, hauendi popote.

Huko kwa kijana ardhi yenyewe husogea, kwa kuwa huganda. Usifikirie ule umande wa barafu unaochoma viazi Kinangop. Huko udongo unakuwa mgumu kama jiwe, na ugumu huo unashuka chini wiki baada ya wiki majira yote ya baridi. Kanuni za ujenzi za jimbo hilo zimeliweka jambo hili kwa vipimo: upande wa kusini, pamoja na Minneapolis na Saint Paul, msingi ushuke inchi 42, yaani mita moja na zaidi kidogo. Kaskazini ushuke inchi 60, mita moja na nusu. Futi zangu mbili ni inchi 24 tu. Nguzo za kijana zingekuwa zimekaa katikati ya udongo unaoganda.

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na watu wengi wakisikia hivyo hudhani wamemaliza habari. Kinachoinua nguzo hasa ni kingine. Baridi inaposhuka, udongo ulioganda huvuta maji kutoka kule chini ambako hakujaganda, kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Yale maji hugeuka tabaka la barafu, na tabaka hilo huendelea kunenepa kadiri linavyopata maji mengine. Udongo ulio juu yake hauna pa kwenda ila juu. Nguzo iliyoshikwa na udongo huo inabebwa mzobemzobe. Majira ya kuchipua yakifika barafu huyeyuka, udongo unakuwa tope, nguzo inashuka, na hairudi pale pale ilipokuwa. Tena hazipandi sawa. Iliyo kivulini itapanda kuliko iliyo juani, na penye maji mengi kuliko penye ukavu. Baada ya miaka mitatu ya kupanda na kushuka, hakuna kiungo ambacho hakijalegea.

Mimi nililielewa jambo hili kabla sijasoma lolote kuhusu theluji, maana Kisumu ilinifundisha. Mwaka wa 2006 nilijenga pagola kwa mteja mmoja upande wa kuelekea Ahero, kwenye ule udongo mweusi wa tambarare ya Kano tunaouita blakikotoni. Nilichimba futi moja na nusu, kwa sababu ilikuwa Februari na ardhi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama tofali. Mwezi wa Mei mwenye nyumba akanipigia simu. Nilipofika niliweka pima-maji juu ya mhimili, na lile povu la hewa likakimbilia mwisho wa kioo likakwama hapo. Nguzo iliyokuwa karibu na bomba la kushushia maji ya paa ilikuwa imepanda karibu inchi mbili. Ile iliyokuwa chini ya mwembe, ambako mizizi ilikuwa imekunywa maji yote, haikuwa imesogea kabisa. Nilisogeza jicho kwenye kiungo cha kona. Msumari wa inchi tano ulikuwa umetoka kwenye mbao karibu nusu ya urefu wake, unang'aa, na kuzunguka tundu lake mbao ilikuwa imesagika ikawa unga. Nilibomoa na kuchimba upya kwa pesa yangu. Niliupita ule udongo mweusi wote, futi nne na kitu, mpaka sururu ikagonga maramu. Ile ya pili sijaitwa tena kuirekebisha.

Blakikotoni huvimba kwa maji, udongo wa Minnesota huvimba kwa barafu, lakini dawa ni moja: mguu wa nguzo upite udongo unaosogea, ukae kwenye udongo uliotulia. Kwa hiyo tangu mwaka ule swali langu la kwanza kwa kila mteja ni hili: hapa kwako udongo unasogea mpaka kina gani? Kijana alitakiwa kupima hilo, na tepu aliyokuwa nayo mkononi isingeweza.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kuchimba apige nambari 811. Ni huduma ya bure Marekani nzima: wanakuja kuweka alama mahali nyaya za stima na mabomba ya gesi yalipopita chini ya ua. Gesi ya kupikia na kupashia nyumba joto mara nyingi hupita ardhini huko, kwa hiyo hili asiliruke.

Achimbe inchi 48, apite kidogo mstari wa kanuni. Kule chini kabisa apanue shimo liwe kama mguu wa tembo, upana wa sentimita 45 hivi, amwage zege. Juu yake asimamishe bomba la karatasi ngumu, ambalo madukani huko linauzwa kwa kazi hii hasa, ajaze zege ndani. Anaweza kujiuliza bomba la nini, mbona sisi tunamwaga zege shimoni moja kwa moja. Zege lililomwagwa shimoni linakuwa na ubavu wa makunyanzi, na udongo ukiganda hushika yale makunyanzi na kulivuta lote juu, hata kama chini limefika panapotakiwa. Ubavu laini haushikiki vizuri. Na ule mguu mpana unang'ang'ania chini. Aweke na vyuma vya nusu inchi, vitatu au vinne, vikisimama kutoka mguuni hadi karibu na kichwa, la sivyo barafu inaweza kukata zege katikati ikabaki na nusu. Kichwa cha zege kitokeze juu ya ardhi inchi 6.

Kuhusu nguzo, asiipande ndani ya zege kama nilivyokufanyia wewe. Nguzo iliyozikwa kwenye zege hukusanya maji pale shingoni, yanakaa, mbao inaoza usawa wa ardhi huku juu ikionekana nzima. (Mwalimu, hata ya kwako nitakuja kuichoma na bisibisi hapo shingoni. Miaka imepita.) Yeye atumie kiatu cha chuma, kile kinachofungwa kwa bolti iliyopandwa kwenye zege na kuinua mguu wa mbao inchi moja hivi, upepo upite chini. Theluji inayoyeyuka isiikute mbao imelala kwenye maji.

Lakini kiatu kina kasoro yake, na hapa ndipo mafundi wengi wa nyumbani hujikwaa. Nguzo iliyozikwa husimama yenyewe hata ukiisukuma. Nguzo ya kwenye kiatu haisimami yenyewe. Kiatu huizuia isiruke na isiteleze, lakini hakiizuii isilale. Kinachoizuia kulala ni tegemeo la mshazari, ile mbao fupi inayotoka kwenye nguzo kwenda kwenye mhimili kwa pembe ya nyuzi 45. Kila nguzo iwe nayo pande mbili, moja kwa urefu wa pagola na nyingine kwa upana, na kila moja ianze kama futi mbili na nusu chini ya mhimili. Watu huyaacha mategemeo haya kwa sababu wanaona yanaharibu sura. Mimi nayaona ndiyo sura yenyewe. Pagola isiyo nayo ni meza yenye miguu inayocheza.

Ikisha kamilika, kijana aishike nguzo usawa wa kifua, aisukume mara moja kwa nguvu, aachie, halafu anyamaze asikilize. Kiungo kizuri hakisemi kitu. Kikilia kama mlango wa zamani, kuna mahali bolti haijakaza au msumari umefanya kazi ya bolti.

Tuje kwenye theluji. Pagola yake ni futi 12 kwa 12, yaani futi mraba 144. Kusini mwa Minnesota mahesabu ya ujenzi huchukua theluji ya ardhini kuwa pauni 50 kwa kila futi mraba. Zidisha, unapata pauni 7,200, ambazo ni kilo 3,266. Hiyo ni mifuko 65 ya simiti, Mwalimu. Hebu fikiria lori limekuja Kiamunyi likapanga mifuko 65 juu ya bati mwanga lako, wewe umekaa chini na kikombe chako. Nyumba yenye joto ndani huyeyusha kiasi fulani cha theluji iliyo juu yake. Kibanda kilicho wazi hakina joto, kwa hiyo asijipunguzie hesabu.

Pia asidanganywe na urefu wa theluji. Ile inayoanguka siku ya baridi kali ni nyepesi kama pamba, mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu. Ikikaa, ikashindiliwa na upepo au ikanyeshewa mvua juu yake, mita ile ile hupita kilo 300. Kwa hiyo theluji ya futi moja asubuhi ya Januari na theluji ya futi moja mwezi wa Machi ni mizigo miwili tofauti kabisa, ingawa kwa macho zinafanana.

Hapa nguzo nne hazitoshi, na sababu haiko kwenye nguzo, iko kwenye mhimili unaolala juu yake futi 12 bila kushikwa katikati. Aweke nguzo sita, safu mbili za nguzo tatu tatu, mhimili usitembee zaidi ya futi 6 kabla ya kupata pa kupumzika. Ukikata urefu kwa nusu, nguvu inayoukunja mhimili inapungua mara nne. Nguzo ziwe za inchi 6 kwa 6, mihimili iwe mbao mbili za inchi 2 kwa 10 zilizofungwa pamoja, na zikae juu ya kidato kilichochongwa kwenye nguzo. Zisining'inie ubavuni kwa nguvu ya bolti peke yake. Bolti za nusu inchi, mbili kila kiungo, zipite upande wa pili, na washa kubwa chini ya nati. Akumbuke kwamba nguzo za katikati ndizo zitakazobeba zaidi, kama mifuko 16 ya simiti kila moja, ilhali za kona zitabeba nusu ya hiyo. Mtu huweza kufikiri ya katikati ni msaada tu akaichimbia shimo dogo. Ni kinyume.

Mbao huko zinapigwa dawa na kuwekwa alama. Za nguzo achague zenye alama UC4A, zimetengenezwa kwa kukaa karibu na udongo. Na kwa kuwa dawa hizo huwa na shaba, bolti na viatu viwe vya chuma kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Chuma cha kawaida kitaliwa.

Bati mwanga asiweke. Najua ndilo alilolipenda, na kwako linafaa kwa sababu unataka kivuli na mvua isikupige. Kule litageuza pagola kuwa sinia la kukusanyia theluji, na upepo ukija ligeuke tanga. Upepo wa kilomita 108 kwa saa husukuma kila mita mraba kwa karibu kilo 56. Juu ya paa lote la kijana ni karibu kilo 750, safari hii zikivuta kwenda juu. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Basi juu aweke mbao za 2 kwa 8 zilizosimama kwa ubavu, inchi 16 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Theluji nyingi itapita chini, upepo nao utapita. Asizibane mbao ziwe karibu karibu kwa kutafuta kivuli, maana theluji ya maji maji hujenga daraja kati ya mbao na mbao, ikishashikana inabaki juu kama kwenye paa. Kivuli cha Julai akipate kwa turubai la kufunga na kufungua, na lishuke mwezi wa Oktoba kabla halijakutana na theluji. Hata hivyo nguzo na mihimili azijengee mzigo wote nilioutaja. Kuna siku mtu atasahau turubai.

Kuhusu kushikana na nyumba, nakataa. Nyumba yako ni ya mawe ya kuchonga. Nilitoboa, nikapiga bolti, ikashika. Nyumba nyingi za huko ni fremu ya mbao iliyovikwa ngozi ya plastiki au ya mbao nyembamba nje, na ukipiga bolti kwenye ile ngozi umeshika hewa. Hata akifika kwenye mbao yenyewe, atakuwa ametoboa njia ya maji kuingia ukutani. Zaidi ya hapo, theluji ya paa la nyumba huporomoka yote kwa mkupuo, na upepo nao hurundika nyingine pale paa la chini linapokutana na ukuta wa juu. Ile pauni 50 niliyokupigia hesabu haikuweka mrundiko huo. Pagola isimame peke yake, mbali na ukingo wa paa, mahali ambapo kijana akitazama wakati wa baridi ataona theluji ya paa haifiki. Hii inamtaka angoje, ajenge baada ya kuiona baridi moja akiwa ndani ya nyumba hiyo. Ni kungoja kwenye faida.

Theluji ikikusanyika, aivute akiwa amesimama ardhini kwa reki ya mpini mrefu, kidogo upande huu, kidogo upande ule. Asimalize upande mmoja wote kwanza, kwa sababu mzigo wa upande mmoja hupindua kile ambacho mzigo sawa usingekiangusha. Asipande juu. Na siku hizo watoto wacheze kwingine.

Mji wake una idara ya ujenzi, na kila mji una masharti yake kuhusu kibali cha vibanda vya uani. Aende na mchoro. Mkaguzi atataka kuona mashimo yakiwa wazi kabla ya zege, na huyo si adui. Ndiye mtu anayeujua udongo wa mtaa ule. Mwalimu, nitumie mchoro huo kabla haujapelekwa. Nitaupitia usiku mmoja, na chai nitakuja kunywa kwako.

SWALI: Fundi, nina kibanda cha samaki karibu na Dunga, Kisumu. Wateja hukaa chini ya pagola ya nguzo za mkalitusi niliyoifunika kwa neti ya kivuli. Alasiri upepo wa ziwa ukianza, neti inapiga kelele na nguzo zinacheza. Wiki jana mhimili mmoja uliangukia meza. Bahati hakukuwa na mtu. Niongeze misumari? – Dada wa Dunga

JIBU: Dada, pole sana, na tushukuru meza ilikuwa tupu. Leo kabla ya alasiri teremsha hiyo neti. Kesho utapata jua, lakini hutapata jeneza.

Misumari usiongeze. Nadhani mkalitusi wako ulikatwa ukajengwa ukiwa bado mbichi, kama wengi wanavyofanya. Mti huo ukikauka hunywea na kupasuka, na msumari uliokuwa umebanwa unabaki kwenye tundu kubwa kuliko wenyewe. Ukipiga mwingine kando yake unapanua ufa. Toboa, pitisha bolti ya milimita 12 kutoka upande hadi upande, weka washa, kaza. Baada ya miezi sita kaza tena, kwa maana mti utakuwa umenywea zaidi.

Yale mategemeo ya mshazari niliyomweleza Mwalimu hapo juu nawe unayahitaji, kila nguzo pande mbili. Mkalitusi mwembamba wa inchi tatu unatosha kwa kazi hiyo. Nguzo zikiwa zinacheza sasa hivi, weka haya kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Ni kazi ya siku moja.

Neti nayo usiifunge kama ngoma. Wewe uko ziwani, umewaona wavuvi wakikunja tanga upepo unapobadilika. Igawe neti vipande vya upana wa mita moja, kila kipande kining'inie kwa ringi kwenye waya mbili, ili ukivute kikunjane upande mmoja. Ukiona maji ya ziwa yameanza kuwa meusi upande wa mbali, mtoto wa dukani anavuta kamba tano na kazi imekwisha.

Kuhusu mashimo: ufukweni hapo udongo ni laini na maji yako karibu. Mnakumbuka ziwa lilipopanda mwaka wa 2020. Shimo lako likianza kujaa maji kabla hujafika pagumu, usiendelee kuchimba kisima. Panua badala ya kuzamisha: weka kitako cha zege cha futi mbili kwa mbili chini ya kila nguzo, unene wa sentimita 25, vyuma vikiwa vimesukwa ndani, na nguzo ifungwe juu yake kwa kiatu cha chuma ambacho mchomeleaji yeyote wa Kisumu atakutengenezea. Kitako hicho kina uzito wa zaidi ya kilo 200. Upepo ukitaka kuinua nguzo, uinue na hizo.

SWALI: Niko Molo. Baada ya mvua ya mawe ya juzi shiti za polikaboneti (plastiki ngumu) za pagola yangu zimebonyea katikati kama bakuli. Nibadilishe shiti? – Mkulima wa viazi

JIBU: Bwana mkulima, shiti mpya zitabonyea vile vile, kwa kuwa kasoro iko chini yake. Mvua ya mawe ikitulia juu ya paa lisilo na mteremko haina tofauti na theluji ya kijana wa Mwalimu. Nyinyi wa huko juu mnakumbuka Septemba 2008, kule Busara karibu na Nyahururu, mawe yalivyofunika ubavu wa kilima mpaka watu wakadhani ni theluji. Mawe yaliyojaa kimo cha sentimita 10 yanaweza kufika kilo 50 kwa mita mraba, na yakiziba mfereji, maji yanakaa juu yake.

Toa shiti, ongeza mbao za kushikilia ziwe kila sentimita 60, kisha inua upande mmoja upate mteremko wa angalau sentimita 15 kwa kila mita. Rudisha shiti zilizo nzima. Halafu panda ngazi na ndoo ya maji, yamwage upande wa juu polepole, utazame. Popote maji yatakaposimama, hata kama ni kwa upana wa sahani, rudi chini ukaiongeze mbao hapo.